Huduma kwa Jamii Ndani ya Shahada: Cha Kuchukua kwa Wajesuiti na cha Kuacha

Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka kuliko kawaida, maji ya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, hufika chini kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Mkulima wa mwani ana muda wa saa nne hivi wa kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vijiti vilivyolegea na kuvuna kabla maji hayajamfika kiunoni. Mwanafunzi akimsimamisha saa nzima kwa hojaji ya maswali arubaini, amemlia robo ya kazi ya siku. Na ratiba ya chuo ikimleta saa tisa alasiri, atakuta bahari imejaa na pwani hamna mtu. Nia yake njema haimsaidii kitu, kwa sababu kalenda iliyomleta haijui mwezi umeandama lini.

Kila chuo kikuu nchini hutaja kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Hii ya tatu ndiyo inayobakia kwenye hotuba za mahafali. Hoja iliyopo ni kama iingizwe ndani ya shahada yenyewe, ihesabiwe krediti na iwe lazima. Waliobishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu ni Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki linaloendesha shule tangu Messina, Italia, mwaka 1548. Na wenyewe wana vipimo viwili visivyolingana.

Cha kwanza kilitolewa na Peter-Hans Kolvenbach, aliyekuwa mkuu wa shirika, huko Santa Clara, Marekani, mwaka 2000: chuo kipimwe kwa aina ya watu ambao wahitimu wake wanakuwa. Mwanafunzi akutane na dhiki ya watu ana kwa ana, kisha aifikirie kisomi. Cha pili ni cha Ignacio Ellacuría, mkuu wa UCA, chuo kikuu cha Wajesuiti huko San Salvador, mji mkuu wa El Salvador. Yeye alitazama nchi, sio mwanafunzi: je, maisha ya maskini yamebadilika kwa sababu chuo kipo? Tena alisisitiza kwamba chuo kifanye hivyo kwa njia ya kichuo, yaani kwa elimu. Mfano mzuri ni taasisi ya kura za maoni ambayo mwenzake, mwanasaikolojia Ignacio Martín-Baró, aliianzisha pale mwaka 1986, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, ili sauti ya raia ipate takwimu. Tarehe 16 Novemba 1989 wanajeshi waliingia chuoni wakawaua mapadri sita, hao wawili wakiwemo, pamoja na mpishi na binti yake.

Kwa Zanzibar naona kipimo cha Ellacuría kina uzito zaidi. Kijana akirudi chuoni Tunguu moyo umelainika, ni jema, lakini mama wa Paje habadilikiwi na bei ya kilo. Maswali yake ni ya kitaalamu kabisa. Cottonii, mwani wenye bei nzuri, hauhimili maji ya kina kifupi yakipata joto: hugeuka mweupe, hulainika na kukatika kwenye kamba. Wengi wamebaki na spinosum, unaohimili lakini bei yake ni ndogo. Kuuhamishia cottonii kwenye maji marefu kunataka chombo na mtu anayejua kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa. Hapo pana kazi ya mwanabiolojia, ya mhasibu na ya mwalimu wa kuogelea.

Wanaopinga hawana hoja nyepesi. Mzazi aliyeuza mikarafuu Wete amlipie mwanawe ada anataka ajira, na saa zinazokwenda pwani zinatoka kwenye masomo ya kazi. Wapo pia wanaouliza kwa nini kisiwa cha Waislamu kiige mapadri. Hilo nalipa jibu fupi: fardhi kifaya tunayo. Mji ukikosa tabibu, dhima ni ya mji mzima, na wakfu umesomesha watu hapa kwa muda mrefu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba maneno mazuri hayamzuii mtu kudhulumu. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown. Chuo kiliomba radhi hadharani mwaka 2017. Msomaji anayepita Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, anajua uzito wa habari hiyo. Kwa hiyo tuchukue utaratibu wao, tena kwa kuukagua.

Hesabu inawezekana. Krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na mwaka una krediti 120. Somo la krediti 12 ni saa 120. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili, basi muhula wa wiki 16 una bamvua nane. Siku tatu kila bamvua, saa nne kila siku, ni saa 96. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, kwa hiyo mwanafunzi ataona mavuno mawili, na shamba likifa ataona lilivyokufa. Wakati maji yametoka, mikono ifanye kazi na kipimajoto kisome. Maswali yangoje alasiri. Saa 24 zilizobaki ni za kuandika na kurudisha matokeo kwa Kiswahili, siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, mbele ya wakulima wenyewe, nao wawe na sehemu ya alama za kutoa. Nauli ilipwe na chuo, maana daladala za Jambiani na Bwejuu zinapita Tunguu lakini hazibebi mtu bure.

Tatizo linalobaki ni kubwa kuliko nauli. Krediti 12 haziongezwi juu ya 120, lazima zitoke ndani yake. Idara itakayoambiwa ipunguze somo lake ndiyo itakayoonyesha kama chuo kinaitaka kweli kazi hii ya tatu.