Angels wana pupa, si mkosi
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema Los Angeles Angels, timu ya besiboli ya Marekani, wanashindwa kwa sababu tu wameandamwa na majeraha ya wachezaji. Tusidanganyane jamani. Nyota Albert Pujols walimsajili mwishoni mwa 2011 kwa dola milioni 240, mkataba wa miaka 10, naye anakaribia miaka 32! Na kwa kanuni za wakati ule, kumchukua mchezaji wa daraja lake aliyemaliza mkataba kulikugharimu nafasi yako ya raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu ya timu kuchagua vijana wapya. Nafasi hiyo ikaenda St. Louis Cardinals, alikotoka Pujols, nao wakamchukua kijana Michael Wacha. Mwaka 2013 kijana huyo akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya National, moja ya ligi mbili kuu za besiboli. Angels wao wakawa wameshamwaga dola milioni 125 nyingine kwa mchezaji mwingine, Josh Hamilton.

Anthony Rendon, waliyemsajili baadaye, sawa, huyo majeraha yalimwandama kweli. Lakini dola milioni 245?

Kinachoniudhi ni kwamba njia ya kupata nyota kwa drafti walikuwa wanaijua. Nyota wao Mike Trout walimpata 2009 kwa nafasi ya drafti waliyofidiwa baada ya mchezaji wao Mark Teixeira kuhamia timu ya Yankees. Nyota kaondoka, kaingia mkubwa kuliko yeye, tena kwa bei ya kijana wa sekondari. Na hata wakiwa na Trout, mechi za mtoano wamecheza mara moja tu, 2014, wakafagiwa na timu ya Royals bila kushinda hata mechi moja.