Hasidi Hana Sababu

Seva yangu inakaa jikoni. Najua, najua, lakini nyumba zetu za Kibokoni, Mombasa, ni nyembamba na ruta ya faiba imefungwa papo hapo ukutani. Ni kompyuta kuukuu ya ofisi, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4, niliyoihamishia kwenye kasha lenye feni za kutoa joto kwa juu. Ndani mna mfumo wa Debian, programu ya Jellyfin ya kurusha video kwa mtandao, na diski mbili za TB 4 zinazonakiliana kwa ZFS, mfumo wa kutunza mafaili. Ukoo mzima umeweka humo video za harusi.

Siku hiyo niko kazini Nyali, kusi linavuma na manyunyu hayakatiki. Simu ikalia: nyuzi 88. Nimeweka programu ya kunionya seva ikipata moto. Sikushtuka, maana nilijua Mamkubwa wa Muscat anatazama harusi ya binamu. Televisheni yake ya zamani haielewi HEVC, namna ya kisasa ya kubana video, basi seva hulazimika kuigeuza video papo hapo, na prosesa ile haina sehemu maalumu ya kusoma HEVC. Hubeba mzigo huo kwa nguvu zake. Hata hivyo huwa inaishia 70 na ushei.

Nyuzi 93. Nyuzi 97. Zikifika 100, prosesa hizi hujipunguzia mwendo zisiungue. Mara ujumbe wa sauti kutoka Muscat: "Mwanangu, bi harusi ameganda na tonge la biriani mdomoni. Yuwala au hali?"

Nikajua nimeingiliwa. Kuna mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa tokeni zangu za stima! Nikaingia kwa SSH, njia ya kuiamuru seva kutoka mbali, nikabadilisha nywila, nikafunga milango yote ya mtandao, pamoja na ule niliopitia mimi. Mwizi akabaki ndani, mwenye nyumba nje.

Bodaboda kwenye daraja la Nyali na mvua ile, tuyaache.

Jikoni nikakuta sufuria la unga wa mahamri limekaa juu ya kasha, limegubikwa leso iliyoning'inia ikaziba matundu yote. Maandishi ya leso yalinitazama usoni: HASIDI HANA SABABU.

"Mama!"

"Taratibu, usinimwagie unga. Baridi hii hauumuki, na hapo juu pana kijoto kizuri."

Ulikuwa umeumuka, tena hasa. Ulisukuma kifuniko, ukateremka ukingoni, na kibonge kimoja kikapenya wavu wa feni. Nilipofungua kasha, harufu ya iliki na tui ikanipiga. Feni ilikuwa imerusha vipande mpaka kwenye vibao vya RAM, na kilichotua juu ya mapezi ya kupozea prosesa kilikuwa kimeshaiva nusu.

Jioni nzima ikawa ya mswaki, spiriti na kupaka prosesa dawa mpya ya kupitisha joto. ZFS ikakagua diski, haikuona kosa hata moja. Na mahamri, lazima niseme haki, yalifura kama maputo. Baba alikula matano bila kulalamikia sukari, jambo ambalo kwetu ni tuzo.

Siku ya pili, niko kazini tena, Mama akapiga simu.

"Mwanangu, mwambie mamako mkubwa aitazame ile harusi saa kumi. Aanze na ile ndefu. Leo nina kilo mbili."