Doksi kwa chunusi: hoja ipo, lakini si kwa vidonge kumi

Mgonjwa wa chunusi haji na cheti. Anafika duka la dawa la mtaani jioni, anangoja wateja wengine waondoke, kisha anashika shavu na kuuliza kama kuna dawa ya kumeza. Muuzaji hana haja ya kufikiri. Anafungua boksi la doksi, yaani antibiotiki ya doksisaiklini, mkasi unakata stripu, vidonge 10 vinaingia kwenye bahasha ndogo, juu yake inaandikwa 1x2, na biashara imekwisha. Dozi ya siku 5. Duka la jirani wangempa azithromaisini ya siku 3, ile ambayo wengi wameizoea kwa jina la azuma. Kwingine angepata rangi mbili yoyote iliyopo, na wapo wanaoifungua kapsuli na kuchanganya unga wake na mafuta ya mgando ili wapake usoni, kama wanavyoumwagia juu ya kidonda.

Juu ya jambo hili kuna kambi mbili, na kila moja inasema kwa uhakika mkubwa. Ya kwanza inasema chunusi ni ugonjwa, doksi inautibu, madaktari wa ngozi duniani wanaiandika, sasa kelele za nini? Ya pili inasema ni aibu kumeza antibiotiki kwa ajili ya sura wakati watu wanakufa kwa bakteria waliokuwa sugu. Nitazipima zote, ila niseme mapema ninaposimama. Dozi ndefu ya doksi, yenye mwisho unaojulikana na dawa ya kupaka pamoja nayo, inatetewa. Stripu ya dukani haitetewi. Inabeba madhara yote ambayo kambi ya pili inayaogopa, na haileti faida ambayo kambi ya kwanza inaitangaza.

Niwape haki yao kwanza wanaoitetea doksi, kwa sababu hoja yao inadharauliwa kirahisi na watu ambao nyuso zao hazijawahi kuwatesa. Chunusi kali si suala la urembo. Zinauma, zinatoa usaha, zinaacha mashimo yasiyofutika. Kwenye ngozi nyeusi kila kipele kikipona kinaacha doa ambalo linaweza kukaa miezi, na kwa wenye mwelekeo wa keloidi, kidonda kidogo cha taya, kifua au mgongo kinageuka kovu lililonyanyuka linaloendelea kukua. Kijana anayekataa kupigwa picha, anayekaa dawati la nyuma, anayekwepa kutazamwa usoni, ana maumivu ya kweli, na msongo wa mawazo kwa wenye chunusi ni jambo linalofahamika vizuri katika tiba. Kumwambia "zitaisha ukikua" ni kumwacha apate makovu ambayo dawa ingeyazuia.

Tena doksi inafanya kazi, na inafaa kuelewa inafanyaje. Chunusi huanzia kwenye tundu la kinyweleo. Homoni za balehe zinaziamsha tezi za mafuta, seli zilizokufa zinaziba tundu, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi zetu sote, anaongezeka humo ndani, na kinga ya mwili inamjibu kwa kuvimbisha. Doksi inagusa hayo mawili ya mwisho. Inampunguza bakteria, na zaidi ya hapo inatuliza uvimbe wenyewe. Uwezo huo wa pili hauhitaji hata bakteria kuuawa: upo ugonjwa mwingine wa uso, rosasea, unaotibiwa kwa doksi ya miligramu 40 tu inayoachiliwa taratibu mwilini, kipimo ambacho ni kidogo mno kuua bakteria. Ndiyo maana vipele vikubwa vyenye usaha na maumivu vinaisikia doksi, ilhali vile vidogo vyeusi na vyeupe vya tundu lililoziba havina habari nayo.

Miongozo nayo iko upande huo, kwa masharti. Ule wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, wa 2021 unataja doksisaiklini mara moja kwa siku, pamoja na dawa ya kupaka, kwa wiki 12, na kwamba kuvuka miezi 6 kuwe ni kwa sababu ya pekee kabisa. Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2024, kinaipendekeza doksi kwa nguvu, na papo hapo kinataka muda wake ubanwe na isitumike bila benzoili peroksaidi. Kambi ya kwanza huikariri nusu ya mwanzo ya sentensi hizi.

Sasa upande wa pili. Antibiotiki haichagui bakteria wa shavuni. Kidonge kinapita tumboni na kwenye damu, kinawafikia bakteria wa koo, wa utumbo, wa uke, na kila siku ya dozi ni siku ya kuwaacha hai wale wanaoihimili. Usugu wa bakteria wa chunusi wenyewe ulianza kuonekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na dhidi ya erithromaisini umefika mahali ambapo katika nchi kadhaa zaidi ya nusu ya sampuli hazisikii tena dawa hiyo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa 2005, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa chunusi zaidi ya 118,000 nchini Uingereza, ulikuta wanaotumia antibiotiki walikuwa na uwezekano wa takriban mara 2 wa kupata maambukizi ya njia ya juu ya hewa kuliko wasiotumia. Haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, lakini unatosha kumfanya mtu asite kabla ya kumeza miezi na miezi.

Kwetu hoja hii ina uzito zaidi kuliko London. Doksi ndiyo dawa inayogawiwa kipindupindu kinapozuka: kwa mtu mzima ni miligramu 300 kwa mkupuo mmoja, pamoja na maji ya chumvichumvi ambayo ndiyo tiba kuu. Ndiyo dawa ya bruselosisi, anayoimeza mfugaji kwa wiki 6 pamoja na nyingine baada ya kuambukizwa na ng'ombe au mbuzi wake. Ni miongoni mwa dawa za tauni, ugonjwa ambao Lushoto na Mbulu za Tanzania na Ituri ya Kongo hawausomi vitabuni. Inatibu klamidia, ugonjwa wa zinaa. Azithromaisini nayo imegawiwa vijiji kwa vijiji kupambana na trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibiotiki zinazotakiwa kulindwa kwa uangalifu zaidi, tofauti na doksi iliyo katika kundi la matumizi ya kawaida. Kwa hiyo anayebadilisha doksi kwa azuma kwa kuwa "ina nguvu zaidi" anachukua kutoka kwenye akiba iliyo finyu. Makadirio ya mwaka 2019 yaliweka vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kuwa milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba kiwango cha juu kuliko maeneo yote. Hao wengi hawakuuliwa na matibabu ya chunusi, na si haki kumbebesha kijana mmoja mzigo huo. Lakini usugu unajengwa na jumla ya dozi zote, na dozi ya chunusi ni ndefu kuliko karibu zote zinazotolewa kwa watu wasiolazwa.

Hoja nyingine ya kambi hii, ambayo naiona ina nguvu kuliko inavyopewa, ni kwamba doksi haiponyi. Haipunguzi mafuta, haizibui matundu. Ikiachwa peke yake, chunusi kwa wengi hurudi baada ya vidonge kuisha, na anayerudi dukani kila zinaporudi anajikuta ndani ya matibabu yasiyo na mwisho.

Hapo ndipo stripu inapoingia, na hapo ndipo hesabu inapoumbua mazoea yetu. Doksi kwa chunusi huanza kuonyesha mabadiliko yanayoonekana baada ya wiki kadhaa, mara nyingi kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8. Siku 5 haziwezi kuleta hayo. Kipele kilichopungua siku ya nne pengine kilikuwa kinapungua chenyewe, kwa kuwa chunusi hupanda na kushuka. Sasa chukua mtu anayenunua stripu moja kila mwezi kwa mwaka: 5 mara 12, amemeza antibiotiki siku 60. Dozi kamili ya wiki 12 ni siku 84. Amekaribia kuwaonyesha bakteria wake dawa kwa kiasi kilekile, vipande vipande, na uso wake haujapata hata wiki mbili mfululizo za tiba. Kama kuna jambo ambalo kambi zote mbili zingekubaliana kulikomesha, ni hili, na ndilo linalofanyika zaidi.

Dozi inayotetewa ina sura nyingine kabisa. Kwa kawaida ni miligramu 100 kwa siku, kwa mtu ambaye chunusi zake zimevimba, zimeenea, au zinaacha makovu. Vipele vichache vya kipaji cha uso havimstahilishi mtu kumeza antibiotiki; vinatosha kupakwa. Tangu siku ya kwanza inaambatana na benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka ambayo inaua bakteria kwa oksijeni na ambayo hadi leo bakteria wa chunusi hawajaijengea usugu. Hiyo ndiyo inayomzuia yule aliyeihimili doksi asitawale. Inakausha ngozi, kwa hiyo mtu aanze na ya asilimia 2.5 au 5, kidogo, usiku mmoja apake, unaofuata apumzike. Na inachujua nguo: foronya ya rangi na kanga ya kujifunika vitapata madoa meupe yasiyotoka, bora kulalia kitambaa cheupe. Wiki 12 zikifika vidonge vinasimama, lakini kupaka kunaendelea, hasa adapalini, dawa nyingine ya kupaka, ambayo inafanya kile ambacho doksi haikuweza, kuzuia matundu yasizibe tena. Ile kanuni ya "maliza dozi" tuliyofundishwa hapa ina maana moja tu: kuna tarehe ya kuacha, na inajulikana kabla ya kidonge cha kwanza.

Umezaji wenyewe una mambo ambayo 1x2 ya kwenye bahasha haiyasemi. Doksi ikikwama kooni inachoma na kutoa kidonda kwenye umio, kwa hiyo imezwe na glasi nzima ya maji, na mtu akae wima angalau nusu saa. Mwezi wa Ramadhani hapa panahitaji uangalifu: wapo wanaoimeza wakati wa daku kwa funda moja la maji na kurudi kulala papo hapo, kisha wanaamka na maumivu ya kifua wakidhani ni vidonda vya tumbo. Bora imezwe baada ya kufuturu. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia vinaishika doksi tumboni isifyonzwe, vipishane nayo kwa saa kadhaa. Jua linaunguza haraka kuliko kawaida, na dereva wa bodaboda anapaswa kuambiwa. Fangasi za ukeni zinaweza kuibuka. Mjamzito haipewi kwa ajili ya chunusi, wala mtoto aliye chini ya miaka 8.

Kuna kundi moja ambalo naomba litazamwe kabla ya kidonge chochote: wanaopaka mkorogo. Nyingi ya krimu hizo za kujichubua zina steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli au betamethasoni, hata pale ambapo boksi halisemi, na steroidi yenyewe inazalisha chunusi. Mzunguko wake unasikitisha: chunusi inaacha doa, doa linampeleka mtu kwenye krimu ya kung'arisha, krimu inaleta vipele vipya, vipele vinampeleka kwenye doksi. Swali la kwanza la muuzaji, kwa upole na bila kumwaibisha mtu, liwe "unapaka nini usoni?" Na mwenye kutumia krimu hiyo kwa muda mrefu asiiache ghafla bila msaada wa mtaalamu, kwa sababu ngozi huripuka vibaya inaponyimwa steroidi iliyoizoea.

Lawama nyingi wanapewa vijana na wauzaji. Mimi siwalaumu sana. Benzoili peroksaidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini ingia duka la dawa la wilayani uiulize. Mara nyingi haipo, na ikipatikana mjini ni kwa bei ya vipodozi vya kutoka nje, huku stripu ya doksi ikinunulika kwa pesa ya nauli. Tunamwambia mtu asimeze doksi peke yake, halafu hatumwekei rafuni ile ya kuambatana nayo. Wataalamu wa ngozi nao ni wachache. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha maofisa tabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na wahitimu wake wapo katika baadhi ya hospitali za mikoa. Wengi wanaoteseka na chunusi hawajui kwamba mtu wa namna hiyo yupo karibu nao kuliko Muhimbili.

Huyo ndiye wa kuonwa wiki 12 zikipita uso haujabadilika, kwa sababu wakati huo kuongeza stripu hakuna maana tena. Mwanamke mtu mzima ambaye chunusi zake zinakaa tayani na kuchachamaa kabla ya hedhi huenda tatizo lake ni la homoni. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2024 uliwalinganisha wanawake waliopewa spironolaktoni, dawa inayozuia homoni zinazoamsha tezi za mafuta, na waliopewa doksi kwa miezi 3, na ilipofika mwezi wa 6 wale wa spironolaktoni walikuwa mbele. Mwenye vinundu vikubwa vinavyochimba makovu anahitaji isotretinoini, ambayo imetumika Marekani tangu 1982. Hiyo ni dawa nzito. Inaharibu mimba vibaya, kwa hiyo mwanamke hapewi bila kipimo cha ujauzito na njia ya uzazi wa mpango anayoitumia kweli, na haichanganywi kamwe na doksi, kwani zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Anayeandikiwa aseme wazi kama bado ana vidonge vya doksi nyumbani.