Si hina, ni piko
Makala moja inasema bibi harusi aliyechorwa ua "ameunguzwa na hina". Hapana, hilo ni piko: rangi nyeusi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Hina ya majani haitoi weusi. Huachwa kwenye ngozi saa kadhaa, ikatoka rangi ya chungwa inayokolea kuwa kahawia. Mzio wa piko huchelewa, kwa kawaida siku 1 hadi 3, ndiyo maana ukumbini alikuwa mzima, malengelenge yakaja baadaye yakifuata ua lile lile alilochorwa, jani kwa jani. Setirizini, dawa ya mzio, peke yake haitoshi. Hapo hutakiwa krimu ya steroidi aliyoandika daktari, na malengelenge yasipasuliwe. Nywele nazo asizipake tena rangi yenye PPD: uso unaweza kuvimba hadi macho yakafumba.