Bibi wa Kiitaliano, maiti ya jirani na wanaombeza

Riwaya ya upelelezi yenye bibi wa Kiitaliano jaladani, sufuria ya mchuzi mbele yake na paka dirishani, hupokewa kwa namna mbili. Wasomaji huinunua, kisha huulizia ya pili. Wahakiki huibeza: damu haionekani, hofu hakuna, maiti inaokotwa sura ya pili na sura ya mwisho watu wako mezani wanakula. Mashtaka yao, ukiyachuja, ni matatu. Sheria ya Italia haimpi bibi nafasi ya kuchunguza chochote. Italia inayochorwa humo ni ya kadi za posta. Na hakuna mji mdogo unaouana kiasi hicho. Mawili kati ya hayo yana uzito wa kweli. Tatizo ni kwamba yote matatu yanampima bibi kama kachero aliyekosa cheti, wakati kinachomfanya afae kwenye hadithi ni kujua vitu ambavyo kachero hajui hata kuviuliza.

Tuanze na sheria, maana hapo wahakiki wamesimama imara. Tangu sheria mpya ya mwenendo wa kesi za jinai ilipoanza kutumika Oktoba 1989, uchunguzi wa mauaji Italia unaongozwa na mwendesha mashtaka, nao polisi hufuata maelekezo yake. Yeye ndiye anayeagiza maiti ipasuliwe. Kilichomo kwenye jalada la uchunguzi ni siri hadi mtuhumiwa apate haki ya kukijua. Mkuu wa kituo cha carabinieri, polisi wa kijeshi wa Italia, anayekaa jikoni kwa bibi, akanywa kahawa na kumsimulia majibu ya maabara, anatenda kosa la kutoa siri za kazi, na adhabu yake ni kifungo cha kati ya miezi 6 na miaka 3. Hata mpelelezi wa kulipwa hafanyi kazi bila leseni ya prefetto, mwakilishi wa serikali kuu katika jimbo. Riwaya ambamo mkuu wa kituo anamwaga kila kitu kwa kuwa bibi anapika vizuri imekufa kabla ya marehemu.

Ila habari za mji mdogo hazitoki kituoni kwenda jikoni. Zinakwenda kinyume. Mkuu wa kituo mara nyingi ni mtu wa mkoa mwingine, na hawezi kujua kwamba mwenye duka la dawa na shemeji wa marehemu hawasalimiani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba la mizeituni. Bibi anajua, na anajua nani alihudhuria misa ya siku ya thelathini na nani alituma maua tu. Katika miji mingi ya kusini maduka hufungwa kuanzia kama saa saba mchana mpaka saa kumi, mitaa ikabaki tupu. Wenye macho wakati huo ni wazee walio nyuma ya vibao vya madirisha. Sheria nayo inaruhusu mtu yeyote mwenye habari aitwe na ahojiwe bila kuwa mtuhumiwa. Bibi anaingia kwenye kesi kwa mlango huo, halali kabisa. Mwandishi makini huuacha mkondo uende upande mmoja: bibi anasema, mkuu wa kituo anaandika, na hakuna kinachorudi. Kwa kuwa hapewi kitu, bibi analazimika kufikiri.

Na anafikiri kwa vipimo. Hapa ndipo wabezaji wanapopoteza zaidi, kwa sababu wanasoma kurasa za mapishi kama mapambo. Chukua uyoga. Uyoga uuao watu wengi zaidi Ulaya ni Amanita phalloides, na sumu yake haiishi kwa kupikwa. Aliyekula hasikii kitu kwa saa 6 hadi 24, mara nyingi 8 hadi 12. Kisha hutapika na kuharisha vibaya, halafu hupata nafuu ya uongo ya siku moja hivi, ilhali ini linaharibika kimyakimya. Kifo, kikija, huja baada ya siku kadhaa. Riwaya dhaifu humwangusha mgeni wa chakula cha mchana kabla ya matunda kuletwa, na hapo mhakiki ana haki ya kucheka. Riwaya nzuri humfanya polisi aulize marehemu alikula nini Jumapili mchana, na bibi aulize alikula nini Jumamosi usiku, tena kwa nani. Ataongeza swali la pili: uyoga ulipelekwa kukaguliwa? Mamlaka za afya za Italia zina wakaguzi wa uyoga, na mwokotaji anaweza kuwapelekea kikapu chake wakichambue. Muuaji anayesema “tumeokota kwa makosa” itabidi aeleze kwa nini mwaka huu, baada ya miaka yote ya kupita ofisini kwa mkaguzi, alinyoosha njia moja kwa moja hadi nyumbani.

Chupa za mboga zilizohifadhiwa kwenye mafuta zina mengi zaidi ya kusema. Biringanya hukatwa vipande, hutiwa chumvi ili maji yatoke, hukamuliwa, kisha huchemshwa dakika chache katika siki na maji nusu kwa nusu. Siki iwe na ukali usiopungua asilimia 5. Vipande hukaushwa juu ya kitambaa safi, hupangwa kwenye chupa, na mafuta humiminwa mpaka yafunike kila kitu. Anayeruka siki anatengeneza mtego. Mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaopoozesha misuli, hazifi kwa maji yanayochemka. Zinahitaji joto la nyuzi 121, ambalo sufuria ya kawaida haifiki. Mafuta huzuia hewa, na bakteria huyo anapenda mahali pasipo hewa. Kinachomzuia ni uchachu tu, pH (kipimo cha uchachu) iwe chini ya 4.6. Kitunguu saumu kibichi kilichotumbukizwa kwenye mafuta bila siki ni kosa la kawaida kabisa, na chupa yenye sumu inaweza isinuke wala isibadilike rangi. Mgonjwa huona vitu viwiliviwili, kope humwangukia, mdomo humkauka, kumeza kunakuwa kazi. Homa hana. Daktari asiyewahi kukutana na hali hiyo anaweza kudhani ni kiharusi.

Italia ni kati ya nchi za Ulaya zenye wagonjwa wengi zaidi wa botulizimu, na sababu kubwa ni hizohizo chupa za nyumbani. Kwa hiyo bibi anayeonja, akatema na kusema “hii haikutiwa siki” anatoa ushahidi ambao maabara itauthibitisha baada ya siku kadhaa. (Bibi mwenye akili haonji, kwa kweli. Anatazama tu kama vipande vimepauka, kwani siki hupausha.) Hapo pia pana udhaifu ambao waandishi hawapendi kuukiri: botulizimu ni silaha mbovu. Muuaji hawezi kuwa na hakika kwamba chupa imeshika sumu, na ikipashwa moto hadi ichemke kwa dakika 10, sumu yenyewe huharibika. Inafaa zaidi kwa hadithi ya mtu aliyejua kwamba chupa ni mbaya, akanyamaza.

Saa ya jikoni nayo haidanganyi kirahisi. Mchuzi wa nyama wa Jumapili wa Napoli unahitaji saa 5 au 6 za moto mdogo, ukitoa povu moja moja, na ukiachwa bila kukorogwa unashika chini. Chapati pana ya tambi za mayai, yai moja kwa gramu 100 za unga, hupumzishwa dakika 30 kabla ya kusukumwa. Ikishasukumwa hukauka upesi, na zile za kujazwa nyama hugoma kushikana kingoni. Mshukiwa akidai alikuwa mezani akikunja tortellini, hizo tambi za kujazwa, tangu saa tatu mpaka saa sita, bibi anatazama zilizofumuka. Anajua mikono iliondoka pale katikati ya kazi, na kwa muda gani hivi.

Wabezaji wengine husema visa vyenyewe vimeazimwa Uingereza. Mara nyingi ni kweli, na wosia ndio unaowaumbua waandishi. Mzee tajiri anatangaza usiku kwamba kesho atamwondoa mwanawe kwenye urithi, asubuhi amekufa. Italia kisa hicho hakisimami. Sheria ya urithi inawalinda mume au mke na watoto: mtoto akiwa mmoja na mjane yupo, kila mmoja ana theluthi isiyogusika, na marehemu alikuwa huru na theluthi iliyobaki tu. Watoto wakiwa wawili au zaidi, mjane ana robo, wao nusu, na inabaki robo. Ndugu na wapwa hawana fungu la lazima, kwa hiyo wosia wa kugombaniwa uwe wa mtu asiye na mke wala mtoto. Tena wosia wa nyumbani ni lazima uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, kisha uwekwe tarehe na sahihi. Uliochapwa kwa mashine ukatiwa sahihi tu haufai kitu, na mwandiko wa jirani yake bibi anaujua kutoka kwenye karatasi za mapishi walizobadilishana.

Lakini Italia ina sababu yake ya kuua, ambayo hakuna haja ya kuiazima kokote. Mzee huuza nyumba yake huku akibakiza haki ya kuishi humo mpaka afe. Mnunuzi hulipa pungufu, na upungufu huo hupimwa kwa umri wa muuzaji: mwenye miaka 70 hupata kidogo, mwenye 90 hupata zaidi. Kuanzia siku ya sahihi, kuna mtu ambaye kila mwaka mzee anaouongeza duniani ni hasara kwake. Mkataba umepitia kwa notaio, mwanasheria anayethibitisha mikataba, umeandikishwa, na mtu yeyote anaweza kulipa ada na kuangalia kumbukumbu za umiliki. Bibi haibi jalada lolote. Anapanga foleni tu. Nchi ambayo karibu mtu mmoja kati ya wanne ana miaka 65 au zaidi ina nyumba nyingi za namna hiyo, na inashangaza jinsi riwaya hizi zinavyoendelea kung’ang’ania wosia wa Kiingereza.

Shtaka la Italia ya kadi za posta ni zito kuliko la sheria. Mwaka 1961 Leonardo Sciascia alichapisha riwaya inayoanza na mtu anayepigwa risasi alfajiri akipanda basi katika mji wa Sicilia. Abiria wanatoweka. Muuza vitafunio aliyekuwa hatua chache tu, anapohojiwa, anajifanya hajui kama risasi zimelia. Huo ni ukimya wa watu wanaotaka kuishi. Bibi mwenye kuona kila kitu, akiwekwa katika mji wa aina hiyo na akasimulia kila kitu, ni uongo, na uongo huo ni dharau kwa waliolipia maneno yao. Ukitaka mafia iwe rangi ya ukutani, mwache bibi nyumbani. Utetezi uliopo ni kwamba Italia si Sicilia ya mwaka 1961 yote, na mji wa mlimani Umbria au wa pwani Liguria una maovu yake ambayo watu huyasema, kwa sauti ya chini lakini huyasema.

Shtaka la hesabu ndilo linalorudiwa kwa furaha zaidi. Italia imekuwa na mauaji kama 330 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni, katika watu takribani milioni 59. Mwaka 1991 yalipita 1,900. Gawanya: mji wa watu 3,000 unategemea mauaji mamoja kwa miaka kama 60. Mfululizo wa vitabu 12 katika mji mmoja ni mauaji ya karne saba. Mhakiki hufunga daftari hapo, na anakosea kulifunga. Hesabu hiyohiyo ikifunuliwa zaidi inasema kwamba wanawake wanaouawa, walio wengi, huuawa na mume, mpenzi au ndugu. Mauaji yamepungua sana barabarani, na hayajapungua kwa kasi hiyo ndani ya nyumba. Ikiwa uhalifu umehamia nyumbani, shahidi bora ni nani kama si yule aliyemo nyumbani?

Basi lawama yangu kwa riwaya hizi inatoka upande mwingine kabisa. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1927, hana mume wala mtoto; anaweza kumnyooshea kidole yeyote kijijini akarudi kwenye kufuma kwake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana kiko chake na rafiki yake Najum, hana wajukuu wa kumsumbua. Bibi wa Kiitaliano anao, na waandishi humpa muuaji wa mbali: mjenzi wa hoteli, mtalii tajiri, mgeni aliyehamia mwaka jana. Wanakwepa mjukuu.

Na sheria yenyewe imekwisha kumwandalia bibi huyo sura ngumu kuliko zote. Ndugu wa karibu wa mshtakiwa, bibi na babu wakiwemo, wana haki ya kukataa kutoa ushahidi, na hakimu asipowaambia haki hiyo ushahidi wao unabatilika. Haki hiyo ina kasoro. Ndugu aliyepeleka taarifa mwenyewe hana tena ruhusa ya kunyamaza mahakamani. Kwa hiyo ile simu kwa mkuu wa kituo, ambayo katika riwaya hizi hupigwa ukurasa wa mia mbili na ushee huku mchuzi ukipoa, ingekuwa na bei: bibi akishaipiga, atasimama mbele ya mjukuu wake na kujibu kila swali.