Anasa ni kiatu kisichoshoneka

Ukitaja anasa ya viatu, watu humkumbuka Imelda Marcos, mke wa rais wa Ufilipino, aliyekimbia Manila mwaka 1986 akaacha kasri na jozi zaidi ya elfu moja. Mimi huwa namfikiria mzazi wa Kariakoo mwezi Januari, fomu ya kujiunga mkononi, akimnunulia mwanawe viatu vyeusi vinavyong'aa ambavyo masika hayatavikuta vizima. Hiyo ndiyo anasa inayotumaliza, na wanaoilipia ni wale wasio na kitu.

Vishike viatu hivyo, utavitambua. Ngozi yake ni plastiki iliyopakwa rangi. Soli imebandikwa kwa gundi tupu, na pembeni kuna mstari unaofanana na uzi. Pitisha ukucha hapo. Mara nyingi hakuna uzi, ni alama iliyopigwa kiwandani, imewekwa ili udhanie kiatu kimefanyiwa kazi ambayo hakuna mtu aliyeifanya. Mvua mbili tatu, kiatu kinaachama. Ukikipeleka kwa fundi, anakigeuzageuza, anakurudishia: plastiki ile ikitobolewa na sindano inachanika.

Kiatu cha kweli kina namna yake. Fundi anaanza kwa kuchimba mfereji mwembamba kuzunguka soli, kisha anapitisha uzi uliopakwa nta kwa sindano yenye ncha ya ndoana, akivuta kila pito kwa nguvu za mkono mzima. Mfereji ule una sababu: uzi ukilala ndani yake hausuguliwi na ardhi. Soli ikiisha, anafumua, anaweka nyingine, na ngozi ya juu inaendelea na maisha. Kwa kipimo hicho, hata mchuchumio wa bei mbaya kutoka Paris, kama soli yake ni ya ngozi na inabadilishika, una akili kuliko kile cha Januari. Bei peke yake hainiambii kitu.

Na kama tunatafuta busara miguuni, iko kwenye katambuga. Tairi lililokwisha barabarani linakatwa kwa kisu kinacholowekwa maji kila mara ili kiteleze kwenye mpira, kanda zinakatwa, zinapigiliwa misumari, basi. Wamasai wanatembea nazo kwenye miba ya mbugani mwaka baada ya mwaka. Majirani zetu Wakenya wanaziita akala. Mjini tunazicheka kwa sababu aliyezitengeneza tunamwona amekaa chini na hana bango. Makubazi ya pwani, ya ngozi na yaliyoshonwa kwa mkono, angalau yamebaki na heshima yake siku ya Idi.

Kuna watakaosema dawa ni viwanda vikubwa. Kiwanda cha Viatu Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwenye miaka ya 1970, kitengeneze jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kilipewa kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro! Hakikuuza nje hata jozi moja, uzalishaji haukuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 ukasimama kabisa. Waliokijenga walimfikiria mnunuzi wa Ulaya kabla ya mtoto wa shule wa Kilosa. Sipingi viwanda. Nchi yenye ng'ombe wengi kama yetu haina sababu ya kuagiza plastiki iliyojifanya ngozi, na pale Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF kinachotengeneza viatu vya ngozi hapa hapa.

Ninachokitaka ni kidogo. Fomu za shule zinatuandikia rangi, kamba na urefu wa kisigino. Ziongeze mstari mmoja: soli iwe imeshonwa. Na shule ziruhusu mzazi apeleke mguu wa mtoto kwa fundi wa mtaani, apimwe kwa kuchorwa kwenye karatasi, ashonewe kwa nafasi ya kukua, badala ya kumlazimisha anunue jozi za duka moja. Wakuu wa shule mnaosoma hapa, fomu za mwaka ujao bado hazijachapwa.