Kaimu mwaka mzima: kampuni za Mombasa zinavyojinyima viongozi

Piga simu kwenye kampuni ya Shimanzi au Changamwe, au kwenye hoteli ya Bamburi au Shanzu, uombe kuzungumza na meneja mkuu. Siku hizi jibu ninalolipata mara nyingi mno ni hili: "Kwa sasa yuko kaimu." Uliza tangu lini, utaambiwa tangu mwaka jana.

Kazi yangu ni kuzitafutia kampuni za pwani viongozi, na jambo hili linanikera. Bodi inamweka mtu kwenye kiti cha juu, inamtwika lawama zote za kiti hicho, halafu inamnyima mamlaka yake. Inafanya hivyo wakati uchumi umeyumba, yaani wakati ambapo kampuni inahitaji zaidi mtu wa kukata shauri.

Hofu ya wenye mali naielewa. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kila aliyeagiza vipuri au ngano alionja uchungu wake. Miezi michache baadaye shilingi ikapata nguvu hadi kama 130, na waliokuwa wamekimbilia kununua dola kwa hofu wakaumia upande wa pili. Februari ya mwaka huo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Kuanzia Agosti ikaanza kuishusha. Katikati ya hayo, Juni, yakaja maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Na tangu mwisho wa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zinazotoka Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ratiba zikavurugika. Ukiwa na biashara katika hali kama hiyo, kumpa mtu mkataba wa miaka mitatu, gari na nyumba Nyali kunatisha.

"Ngoja kwanza tuione Desemba, mwanangu," mzee mmoja mwenye hoteli aliniambia. "Mambo yakitulia tutaajiri."

Lakini mzee, Mombasa ilitulia lini? Mei 2014 kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wageni wao pwani baada ya serikali yao kutoa tahadhari ya usafiri, na kuna hoteli zilizofunga milango. Mwaka 2017 reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kazi, na 2019 serikali ikaagiza mizigo ya bara ipakiwe kwenye treni hiyo. Madereva wa malori, vituo vya makasha na mawakala wa forodha wa mji huu wakaona riziki yao ikihamia Nairobi. Machi 2020 ndege za kimataifa zilisimamishwa, na Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Septemba 2022 rais mpya akatangaza, siku ileile aliyoapishwa, kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandarini Mombasa, na waliokuwa wamehamisha ofisi zao wakaanza kupiga hesabu upya. Anayengoja utulivu ndipo aajiri katika mji huu anaongoza kwa kalenda ya mji mwingine.

Sasa tazama hasara yenyewe inavyotokea, maana haionekani kwenye vitabu vya hesabu. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kaimu meneja mkuu kwa zaidi ya mwaka. Mama huyo alikuwa hodari, amepanda kutoka mapokezi, anawajua wauzaji samaki na anawajua maafisa wa kaunti. Mawakala wa utalii wa Ulaya hufunga bei za vyumba mapema sana kabla ya msimu. Walipomwandikia kuomba bei, hakuwa na ruhusa ya kushuka hata kidogo bila kumuuliza mwenye hoteli, naye mwenye hoteli alikuwa safarini. Majibu yalichelewa, na vyumba ambavyo vingejaa Januari na Februari vikauzwa na jirani. Mwisho wa msimu bodi ilikaa ikasema: mnaona, huyu hawezi kazi, vizuri hatukumthibitisha. Niliposikia hivyo niliumia kana kwamba nimesemwa mimi.

Wafanyakazi nao husoma mambo haraka kuliko bodi inavyodhani. Mkuu wa jikoni akijua kwamba anayemwamuru leo huenda kesho akarudi kuwa mwenzake, anampitia pembeni na kwenda moja kwa moja kwa tajiri. Meneja wa benki akitakiwa kupanga upya mkopo anauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine wa kuzungumza naye. Kaimu hawezi kumwondoa mzembe, kwa kuwa mzembe ana ndugu kwenye bodi na kaimu hana kinga. Hawezi kuajiri pia. Anachobaki nacho ni kuzuia mambo yasiharibike hadi Ijumaa, kisha Ijumaa nyingine.

Serikali yenyewe imeliona tatizo hili kwenye sheria. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema mtu akaimu kwa muda usiozidi miezi 6. Hata hivyo tumeona jinsi viti vikubwa vinavyoweza kukaa na makaimu. Hapa kwetu, mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya alijiuzulu Machi 2020. Akaja kaimu, naye akafuatwa na kaimu mwingine mwaka uliofuata. Hiyo ni bandari ambayo mwaka 2024 ilihudumia makasha zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, na inayolisha Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Siwalaumu waliokaimu; walibeba mzigo wakati wa korona. Nauliza tu iwapo kampuni binafsi, ambazo hazina sheria ya kuziwekea kikomo, zinaweza kujiwekea kikomo zenyewe.

Tukikubaliana kwamba kiti kijazwe, swali linakuwa nani. Hapo bodi nyingi hugeuza shingo kuelekea Nairobi, au Dubai, zikimtafuta mwokozi mwenye wasifu wa kurasa nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sina neno na mgeni. Nimewaleta wengi kutoka bara na wamefanya kazi nzuri, na wengine wamekuwa wenyeji kabisa. Ninachokataa ni kumwita mgeni kabla ya kumtazama mwenyeji machoni. Mwaka 2016 Mamlaka ya Bandari ilimpata mwanamke wa kwanza kuiongoza, Catherine Mturi-Wairi, na hakutoka mbali: alikuwa akisimamia fedha humo humo ndani. Katika kampuni zetu za usafirishaji na hotelini kuna watu wa safu ya pili wa aina hiyo, na wengi wao ni wanawake na vijana wa pwani ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanakitaka kiti.

Mimi katika mahojiano nimepunguza maswali ya maono na mikakati. Kila mtu ana maono siku ya mahojiano, amevaa tai. Swali ninalolipa uzito ni moja: mwezi ambao fedha hazikutosha, ulimlipa nani kwanza, na ulimwambia nini uliyemwacha? Mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha moto hujibu kwa majina, tarehe na kiasi. Meneja mmoja wa shughuli katika kituo cha makasha, aliyeupitia mwaka 2019 yadi ikiwa nusu tupu, alinijibu bila kufikiria. Alilipa kwanza vibarua na walinzi, kwa sababu hao hawana akiba hata ya wiki moja. Kisha dizeli, maana mashine zikizima hakuna pesa itakayoingia. Kodi ya mishahara aliipeleka kabla ya tarehe 9, asije akaongezewa faini juu ya shida. Halafu akaenda benki yeye mwenyewe kabla ya kushindwa kulipa awamu ya mkopo, akiwa na orodha ya wateja waliokuwa wakidaiwa. Mameneja wakubwa, yeye akiwemo, walikuwa wa mwisho, na aliwaambia hivyo wote wakiwa chumba kimoja. Mwingine, mwenye shahada mbili za nje, alinieleza kuhusu "kuoanisha mtiririko wa fedha na malengo". Nilimshukuru kwa muda wake.

Baada ya hapo nazungumza na waliofanya kazi chini ya mtu huyo, kwa ridhaa yake. Wakubwa wake watamsifu au watamponda kwa sababu zao wenyewe. Karani wa yadi atakwambia kama meneja alikuja kazini siku ya maandamano.

Kampuni za familia zina kifundo chao, na pwani ni nyingi. Mzee ameanza na lori moja, leo ana malori na maghala, na wanawe wamesoma. Anasema kiti ni cha kijana, ila kijana hayuko tayari, kwa hiyo meneja wa nje "akae akae" mpaka kijana awe tayari. Huo ni ukaimu tu uliobadilishwa jina. Heri mzee amweleze meneja wazi: miaka mitano ni yako, mamlaka haya ni yako, na sehemu ya kazi yako ni kumfunza mwanangu, nami nitakulipa kwa hilo. Wapo watakaokubali kwa moyo mweupe.

Gharama je? Ni kweli kwamba mshahara mkubwa siku hizi ni mzigo kwa pande zote mbili. Tangu Julai 2023 kipato kinachozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya asilimia 35, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba juu ya ile anayokatwa mfanyakazi. Kwa hiyo msishindane na Nairobi kwa mshahara wa msingi. Wekeni msingi wa kiasi, kisha bonasi inayofuata jambo linalopimika: fedha zilizokusanywa kutoka kwa wadaiwa, vyumba vilivyolalwa msimu wa mvua, siku ambazo kasha linakaa yadini kabla ya kutoka. Na kama hofu yenu ni kukosea mtu, Sheria ya Ajira ya 2007 imeshawapa chombo. Kipindi cha majaribio ni hadi miezi 6, na kinaweza kuongezwa kwa miezi 6 mingine mfanyakazi akikubali. Notisi yake ni siku 7. Mtu aliye kwenye majaribio ana cheo kamili na saini yake inatambulika, kaimu hana.

Ikibidi kabisa kuwe na kaimu, kwa sababu meneja amefariki au ameondoka ghafla, basi barua yake iandikwe na mtu anayemheshimu. Iseme anakaimu mpaka tarehe gani. Iseme anaweza kuidhinisha shilingi ngapi bila kumpigia mtu simu, na yeye anaweza kumwajiri au kumwachisha nani. Iseme posho yake ni kiasi gani kwa mwezi. Iseme pia, waziwazi, kama yumo kwenye orodha ya wanaofikiriwa au anashikilia tu. Na kama bodi haiko tayari kuandika hiyo tarehe, imwambie mapema, apate kuamua kama atabaki au ataenda kuchukua ile kazi ambayo Dar es Salaam wamekuwa wakimwitia tangu Ramadhani.